Angkor au Java? Kuchagua ziara ya mahekalu ya Kihindu na Kibudha

Anayetaka kuyaona mahekalu makubwa ya kale ya Kihindu na Kibudha kusini-mashariki mwa Asia mara nyingi hubaki na majina mawili mkononi. La kwanza ni Angkor, kando ya mji wa Siem Reap nchini Kambodia. La pili ni jozi ya Borobudur na Prambanan, karibu na mji wa Yogyakarta katika kisiwa cha Java, Indonesia. Kutoka Nairobi au Dar es Salaam kote kuwili ni mbali, ni safari ya kubadilisha ndege, na likizo ya kawaida haitoshi kuunganisha kote. Lazima uchague.

Mawakala huziuza ziara hizi kwa idadi ya mahekalu: manane kwa siku moja, kumi kwa siku mbili. Kipimo hicho kimewaharibia wengi safari. Pima kwa saa utakazosimama mbele ya ukuta uliochongwa, ukiwa na mtu anayejua kuusoma, kabla jua na umati havijakushinda. Ukishika kipimo hicho utaona haraka kwamba Angkor na Java hazilingani hata kidogo: Java ni majengo mawili yanayosomwa kama kitabu, Angkor ni mji mkuu mzima uliotapakaa msituni. Mwenye siku mbili za kutembelea aende Java bila kujiuliza mara ya pili. Mwenye siku nne na miguu mizima, Angkor itamlipa zaidi.

Kalenda kwanza

Kabla ya bei, tazama mwezi wa likizo yako, kwa sababu misimu ya pande hizi mbili imepishana. Kambodia huwa kavu na yenye nafuu ya joto kuanzia Novemba hadi Februari. Machi hadi Mei ni joto la kuchosha, na Aprili hufika nyuzi 35 na zaidi, huku mawe yakirudisha joto lile usoni mwako. Mvua hunyesha Juni hadi Oktoba. Java ni kinyume: ukavu ni Mei hadi Septemba au Oktoba, na mvua nzito huanguka Novemba hadi Machi.

Kwa hiyo mwalimu mwenye likizo ya Desemba afikirie Angkor, na mwenye likizo ya Julai au Agosti afikirie Java. Mvua peke yake haizuii ziara. Angkor wakati wa mvua ina kijani kizuri na mahandaki ya maji yamejaa, na kwa kawaida hunyesha zaidi alasiri kuliko asubuhi. Tatizo la mvua ni ngazi: jiwe la mchanga la Angkor lililolainishwa na nyayo huteleza likilowa, na jiwe jeusi la volkano la Borobudur lina vidato virefu.

Ziko pia siku za kuepuka. Mwaka mpya wa Wakhmer, yaani wenyeji wa Kambodia, katikati ya Aprili, huijaza Angkor wenyeji walioko mapumzikoni. Java hufurika baada ya Ramadhani, kwani Waindonesia wengi husafiri katika Idi el-Fitri, na hoteli za Yogyakarta hujaa mapema sana. Vesak, sikukuu ya Wabudha inayoangukia mwezi mpevu wa Mei kwa kawaida, ni jambo zuri kuliona Borobudur, kwa maandamano yanayotoka hekalu la Mendut hadi Borobudur kwa miguu. Lakini siku hiyo usitarajie kusoma michongo kwa utulivu.

Borobudur: saa moja, na jinsi ya kutoipoteza

Borobudur ilijengwa na wafalme wa ukoo wa Sailendra, kati ya mwisho wa karne ya 8 na mwanzo wa karne ya 9. Haina ukumbi wa ndani wa kuingia. Ni kilima kilichovikwa mawe: majukwaa sita ya pembe nne, juu yake matatu ya duara, na kileleni stupa moja kubwa, yaani kuba la ibada la Kibudha. Ina mabamba 2,672 ya michongo, na katika majukwaa ya duara stupa 72 zenye matundu, mithili ya kengele, kila moja ikiwa na sanamu ya Budha ndani.

Utaratibu wa sasa ulianza 2023, na ndio unaowakwamisha wageni wengi. Tiketi ni za aina mbili. Ya uwanja inakuruhusu kulizunguka jengo ukiwa chini tu. Ya kupanda inakupa nafasi katika kundi la saa maalumu, mwongoza watalii wa hapo hapo, na kandambili laini za kusukwa ziitwazo upanat, ambazo ni lazima kuzivaa. Utaratibu huo ulipoanza, waliruhusiwa watu 150 kwa kila saa na 1,200 kwa siku, na mgeni mtu mzima alilipa rupia 455,000 kupanda, karibu dola 30. Jumatatu jengo hufungwa kwa ajili ya matunzo. Sababu ya masharti haya inaonekana kwa macho: mchanga unaonasa kwenye soli ngumu husaga vidato kama tupa, na ngazi zimelika hadi zimefanya mabonde katikati.

Makosa yanayotokea ni yale yale. Dereva au wakala ananunua tiketi ya uwanja kwa sababu ni rahisi kuipata, na mgeni anagundua langoni kwamba hataruhusiwa kupanda. Au ziara imepangwa Jumatatu. Au saa ya kupanda ni 5 asubuhi, mji una foleni, umechelewa, na kundi lako limeshaondoka. Dawa yake ni moja: nunua tiketi ya kupanda kwenye tovuti rasmi kabla hujalipia gari, chagua kundi la kwanza la asubuhi, kisha mwambie dereva saa ya kuondoka hotelini. Toka Yogyakarta ni kilomita 40 hivi, na saa moja na nusu ni makadirio ya kweli.

Ukiwa juu una takriban saa moja, wakati mtu akitaka kupita shoroba zote, zile njia nyembamba kati ya kuta zilizochongwa, mwanzo hadi mwisho hutembea kilomita kadhaa. Hutayaona yote, kwa hiyo chagua mapema. Mwombe mwongozaji alipitishe kundi katika ushoroba wa kwanza kabla ya kukimbilia kileleni, maana makundi mengi hupewa dakika kumi za michongo na dakika hamsini za picha. Katika ushoroba huo, safu ya juu ya ukuta wa ndani ina mabamba 120 ya maisha ya Budha hadi hotuba yake ya kwanza. Unaanzia upande wa mashariki na kuzunguka jengo likiwa mkono wako wa kulia. Ukiugeukia ukuta huo, hadithi inasomeka kutoka kulia kwenda kushoto, kama mwandiko wa Kiarabu. Asiyejua hili husoma kinyume na kuona Budha akizidi kuwa mtoto.

Katika ushoroba huo huo, safu ya chini, tafuta jahazi. Lina tanga zilizojaa upepo, mabaharia wamening'inia kwenye kamba, na ubavuni boriti nene ya kulizuia lisipinduke. Mtu wa pwani yetu hahitaji kuelezwa: ni matengo, yale ya ngalawa. Mwaka 2003 jahazi la mfano huo, Samudra Raksa, lilitoka Jakarta likavuka Bahari ya Hindi kupitia Shelisheli na Madagaska, likazunguka kusini mwa Afrika na kufika Accra, Ghana, Februari 2004. Sasa limewekwa katika jumba la makumbusho ndani ya uwanja wa Borobudur, na mwenye tiketi yoyote atenge nusu saa akalitazame. Ziara nyingi hulipita bila hata kulitaja, na kwa msomaji wa Kiswahili hilo ni kosa kubwa.

Kabla ya kuondoka, nenda kona ya kusini-mashariki chini kabisa. Hapo mawe machache yameondolewa na unaona sehemu ya msingi uliofichwa. Msingi huo una mabamba 160 ya sheria ya matendo na malipo yake, yaliyofunikwa kwa ukuta mnene wa mawe, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba jengo lilianza kuteleza wakaliegemeza. Yaligunduliwa 1885, yakafunuliwa yote na kupigwa picha na Kassian Cephas 1890 na 1891, kisha yakafunikwa tena. Juu ya moja ya yanayoonekana bado kuna neno fupi lililochongwa, "virupa", yaani sura mbaya: maelekezo kwa fundi achonge nini hapo. Chini yake wapo watu wenye nyuso mbaya kweli kweli. Ni maandishi ya msimamizi kwa fundi wake, ya miaka 1,200 iliyopita.

Prambanan, na kwa nini isiwe ya kumalizia tu

Prambanan iko kilomita 17 mashariki mwa Yogyakarta. Ni ya Kihindu, ya katikati ya karne ya 9, na maandishi ya mwaka 856 yanaitaja. Hekalu la mungu Shiva lina kimo cha mita 47, limesimama kati ya la mungu Brahma upande wa kusini na la mungu Vishnu upande wa kaskazini. Awali mahekalu yote, makubwa na madogo, yalikuwa 240. Mengi ya madogo bado ni marundo ya mawe, kwa sababu kanuni ya ukarabati ni kutolisimamisha jengo ambalo mawe yake ya asili hayatoshi. Hekalu la Shiva lilikamilika kusimamishwa upya 1953, na tetemeko la Mei 2006 lilitikisa tena sehemu nyingi.

Ziara ya siku moja huiweka Prambanan jioni baada ya Borobudur. Mpango huo si mbaya kwa mwanga, kwa kuwa jua la magharibi huyapa mawe meusi rangi ya dhahabu. Ubaya wake ni barabara: kati ya sehemu hizi mbili ni mwendo wa saa moja na nusu hadi mbili, kupitia pembezoni mwa mji, na unafika umechoka ukiwa na saa moja na nusu kabla ya kufungwa. Tunashauri siku mbili tofauti. Prambanan ni rahisi hata bila gari la kukodi: mabasi ya mji hufika, na treni ya Yogyakarta kwenda Solo husimama stesheni ya Brambanan, karibu na hapo.

Hapa mwongozaji haji na tiketi. Unamchukua langoni, na inafaa. Kwenye ukuta mfupi wa nje wa hekalu la Shiva kumechongwa Ramayana, utenzi mkuu wa Kihindu: mwanamfalme Rama, mkewe aitwaye Sita kutekwa na jitu Ravana, jeshi la nyani likijenga daraja la mawe baharini huku samaki wakiyameza mawe. Hadithi inaanza ngazi ya mashariki, unazunguka tena jengo likiwa kulia, na inaendelea katika hekalu la Brahma. Waliokulia jirani na Wahindu Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi wanaijua taa ya Diwali. Hii ndiyo hadithi yake: kurudi kwa Rama. Ndani ya chumba cha kaskazini cha hekalu la Shiva kuna sanamu ya mungu wa kike Durga, ambayo wenyeji huiita Rara Jonggrang, binti mwembamba aliyegeuzwa jiwe. Wakati fulani kuingia vyumbani huzuiwa kwa usalama, basi uliza kabla ya kulipa.

Ndani ya uwanja huo huo, mita 800 kaskazini, kuna Sewu, hekalu la Kibudha lenye majengo 249, la zamani kuliko Prambanan yenyewe. Kundi la basi halifiki huko. Ukifika utapata walinzi wawili wakubwa wa mawe wamepiga goti na rungu mkononi, na pengine hutakuta mtu mwingine yeyote. Ndipo unapoelewa kwamba Wahindu na Wabudha wa Java walijenga ubavu kwa ubavu. Msimu wa ukavu, Mei hadi Oktoba, kuna pia mchezo wa ngoma wa Ramayana jukwaa la wazi, mahekalu yakiwa yamewashwa taa nyuma. Haupo kila usiku, kwa hiyo panga siku ya Prambanan kuufuata mchezo.

Angkor: siku tatu, na mpangilio ndio kila kitu

Eneo la Angkor ni kilomita za mraba 400 hivi. Angkor Wat ni hekalu moja tu kati ya mengi. Lilijengwa na mfalme Suryavarman II nusu ya kwanza ya karne ya 12 kwa ajili ya Vishnu, baadaye likawa la Wabudha, na mpaka leo watawa wa Kibudha wapo. Angkor Thom, jirani yake, ni mji wenye kuta za kilomita 3 kila upande, uliojengwa na Jayavarman VII, mfalme wa Kibudha, mwishoni mwa karne hiyo. Katikati yake iko Bayon yenye nyuso kubwa za mawe zinazotazama pande zote nne. Ukitembea na macho makali utaona mahali pengi sanamu za Budha zilizotindwa, zikibaki kivuli ukutani: baada ya Jayavarman VII walikuja watu wa Shiva wakazifuta. Huko Java dini hizi mbili unazikuta zimekaa jirani, ila hapa unaziona zikipokezana jiwe lile lile.

Tiketi, kwa bei zilizoanza 2017, ni dola 37 kwa siku moja, 62 kwa siku tatu na 72 kwa siku saba. Ya siku tatu hutumika ndani ya siku kumi, hivyo unaweza kupumzika katikati. Ina picha yako, haiazimwi wala haiuzwi, na hukaguliwa karibu kila lango. Ziara nyingi zinazotangazwa kwa bei ya chini hazijaijumuisha, kwa hiyo dola 25 za tangazo hugeuka 62 ukifika. Siku moja ni kupoteza fedha: unalipa zaidi ya nusu ya tiketi ya siku tatu ili uone theluthi, tena mbiombio.

Mzunguko mdogo, kilomita 17, una Angkor Wat, Angkor Thom na Ta Prohm. Mkubwa, kilomita 26, unaongeza Preah Khan, Neak Pean, Ta Som na Pre Rup. Banteay Srei iko mbali zaidi, kilomita 25 kaskazini-mashariki ya hapo. Makundi karibu yote hufuata ratiba moja: macheo Angkor Wat, kurudi hotelini kunywa chai, kisha Bayon, kisha Ta Prohm saa 5. Ukijua hivyo, pindua.

Siku ya kwanza, fika Ta Prohm lango likifunguliwa, saa 1 na nusu asubuhi. Mizizi ya miti imeyakumbatia mapaa, na kwa nusu saa ya mwanzo unasikia ndege tu. Kisha endelea na mzunguko mkubwa. Bayon iachie siku ya pili, saa 9 alasiri. Siku ya pili ndiyo ya macheo: Angkor Wat hufunguliwa saa 11 alfajiri, na watu hujipanga kwenye bwawa la kushoto ukiingia. Tiketi uwe umeinunua tangu jana, na uwe na tochi. Jua likishatoka, umati hurudi kwenye chai. Wewe ingia ndani wakati huo huo, na chai uibebe. Hizo saa mbili ndizo bora kuliko zote Angkor, na wengi huzitumia kwenye foleni ya mayai hotelini.

Ndani, Angkor Wat linageuza kanuni ya Java. Linatazama magharibi, na michongo yake inasomwa jengo likiwa mkono wa kushoto, mzunguko wa taratibu za mazishi. Kutoka lango la magharibi unapinda kulia. Utapita vita vya Kurukshetra, vya hadithi za Kihindu, halafu gwaride la jeshi la mfalme mwenyewe akiwa juu ya tembo chini ya miavuli, halafu pepo 37 na jehanamu 32, kisha upande wa mashariki kazi inayowashinda wote: kusukasuka bahari ya maziwa. Ukuta una urefu wa karibu mita 49. Miungu 88 upande mmoja, maasura, yaani mashetani, 92 upande mwingine, wanavutana na joka Vasuki lililozungushwa mlima, kama mfugaji anavyosukasuka kibuyu atoe siagi, ila hapa kinachotafutwa ni maji ya kutokufa. Karibu na mlima, samaki na mamba wamekatika vipande vipande kwa nguvu ya mzunguko. Ukuta huu unapata mwanga asubuhi, sababu nyingine ya kutokwenda kunywa chai. Ukiendelea kaskazini utaona uchongaji unashuka ghafla, umebanana na hauna kina: sehemu hiyo ilimaliziwa karne ya 16, mafundi wa zamani wakiwa wamekwisha.

Ghorofa ya juu, Bakan, ina masharti yake: mabega na magoti yafunikwe, watoto chini ya miaka 12 hawapandi, idadi hudhibitiwa, na hufungwa siku takatifu za Kibudha zinazofuata mwezi. Khanga tatizo lake ni moja: ikitupwa begani juu ya fulana isiyo na mikono, walinzi mara nyingi huikataa. Vaa nguo yenye mikono.

Siku ya tatu ni ya Banteay Srei, uende mapema. Ni hekalu dogo la Shiva, lililowekwa wakfu mwaka 967, la jiwe la waridi gumu lililochongwa kama mlango wa Zanzibar, kwa kina na bila kuacha nafasi tupu hata ya kidole. Ukubwa wake unaweza kukushangaza, maana baadhi ya milango inabidi mtu mzima ainame. Waliokwisha choka na kuta kubwa hupata nguvu mpya hapa.

Unamlipia nani, na anafanya nini

Kwenye soko la ziara neno "mwongozaji" linabeba watu wawili tofauti, na hapo ndipo migogoro inapoanzia. Yupo dereva anayejua Kiingereza na anayekueleza habari za njiani, na yupo mwongoza watalii mwenye leseni anayeingia nawe ndani. Angkor dereva haruhusiwi kuongoza ndani; anakushusha lango moja na kukusubiri lingine. Anayeingia nawe avae sare na kitambulisho. Kabla ya kulipa uliza kwa maneno haya: "Mwenye leseni ataingia nasi hekaluni, au tunapelekwa tu?" Jibu likizunguka, tafuta kwingine.

Huko Siem Reap mpango unaofaa ni kuchanganya. Chukua mwongozaji siku ya Angkor Wat na Bayon, kwani kuta hizo hazijisemi zenyewe. Mzunguko mkubwa na Ta Prohm jiendee na bajaji. Kwa siku nzima, mwongozaji wa Kiingereza huwa dola 35 hadi 50 kwa kundi lako lote, na bajaji dola 15 hadi 25, Banteay Srei ikiwa na nyongeza. Wawili wakigawana, siku tatu pamoja na tiketi huwa kati ya dola 100 na 125 kwa kila mmoja, bila chakula wala nyongeza ya Banteay Srei. Java wawili hao watalipa tiketi ya kupanda Borobudur, karibu dola 25 za Prambanan, gari la siku moja na mwongozaji wa Prambanan, na kwa kawaida itabaki chini ya hapo.

Kundi la basi lina faida kwa msafiri wa peke yake, ila tazama idadi. Watu kumi na wawili wanaweza kusimama mbele ya bamba moja la Borobudur wakaliona. Watu thelathini hawawezi, kwa sababu ushoroba una upana wa mita mbili hivi, na wa nyuma wanasikia maelezo ya kitu wasichokiona. Uliza pia vituo vya katikati. Pande zote mbili kuna ziara zinazopitia "karakana": hariri Siem Reap, batiki au kahawa ya ngawa Yogyakarta. Kila kituo hula dakika arobaini, na mwenye ziara hulipwa kamisheni. Mwambie mapema hutaki vituo vya ununuzi, yaandikwe kwenye makubaliano.

Mambo madogo yanayoamua

Kwa Mwislamu, Java ni nyumbani zaidi. Chakula cha halali ndicho cha kawaida, vyumba vya sala vipo hata ndani ya maeneo ya mahekalu, na masikio yako yatashtuka kusikia waktu, kabar na selamat barabarani. Siem Reap nako hakukosekani: Wacham, Waislamu wa Kambodia, wana msikiti mjini na mikahawa ya halali kuuzunguka. Jitafutie tu hoteli upande huo.

Mwenye magoti mabovu asiogope Angkor kwa jumla, kwa sababu Bayon na Angkor Wat ghorofa ya chini hupitika, na Bakan unaweza kuiacha bila hasara ya michongo. Borobudur ni ngumu zaidi kwake, kwani bila kupanda huioni, na kundi halimsubiri mtu. Familia yenye watoto wadogo itapumua vizuri Angkor, ambapo walio chini ya miaka 12 hawalipi wakionyesha pasipoti, na unaweza kuondoka saa yoyote wakichoka.

Kambodia hulipwa kwa dola, na chenji ndogo kwa riel. Noti yenye mpasuko hata wa milimita chache hukataliwa, kwa hiyo zikague benki kabla hujaondoka nyumbani. Indonesia ni rupia tu. Nchi zote mbili huweza kudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa anayetoka nchi zenye ugonjwa huo, na chanjo ichomwe siku kumi kabla ya kusafiri ndipo cheti kihesabike. Mwisho, viwanja vya ndege vya sasa viko mbali na miji: wa Siem Reap uliofunguliwa Oktoba 2023 na wa Yogyakarta ulioko Kulon Progo, kila mmoja ni kilomita 40 na zaidi. Yogyakarta kuna treni hadi katikati ya mji. Siem Reap panga gari na hoteli kabla ya kupanda ndege, hasa ukitua usiku na macheo ya Angkor Wat ni ya kesho yake.